Je, Jiko la Presha la Umeme Lafaa Kununuliwa?

Nyumbani kwetu wataka kununua jiko la presha la umeme, lipikalo mapishi mengi. Wengi hulisifu kwa wingi wa vitufe vyake. Mimi naona tupime chakula kimoja tu: maharage. Katika sufuria ya kawaida maji huchemka kwa nyuzi 100. Mvuke ukibanwa, hupita 110. Ndiyo sababu maharage yakaayo saa mbili au zaidi mkaani, humo huiva upesi. Basi, wapikao maharage au makande kila siku, na umeme wanao, wanunue. Walao wali na chai, sufuria yawatosha. Kwetu ni maharage. Shauri langu: tununue, lakini kwa akiba ya mkaa, wala fedha za sare za wadogo zetu zisiguswe.