Ukimya wa Bonde la Phobjikha

Wengi wetu tukisikia habari za milima ya Himalaya twafikiri ni theluji tupu na watu wanaopanda vilele kwa kamba. Tukiambiwa kwamba huko kuna bonde lenye ukimya, twadhani ni mahali pasipo watu, palipoachwa tu. Mimi sikubaliani na fikira hiyo. Mwezi wa Novemba uliopita nilikwenda nchi ya Bhutan pamoja na rafiki yangu, ambaye tulikaa dawati moja katika shule hii na sasa ni fundi wa umeme. Nililoliona huko lanipa ujasiri wa kusema kwamba ukimya wa bonde lile haukuletwa na milima. Uliletwa na watu, nao wangali wakiulipia.

Bonde lenyewe laitwa Phobjikha. Liko kiasi cha mita 2,900 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya kulifikia huvuka kwanza mgongo wa mlima uliozidi mita 3,300. Ukishuka kutoka pale waona uwanda mpana wa majani, kinamasi katikati yake, misonobari kandokando, na juu ya kilima nyumba ya watawa wa Buddha iitwayo Gangtey, iliyoanzishwa mwaka 1613. Wenyeji ni wakulima wa viazi na wafugaji wa ng'ombe. Wala si watu wa kuonewa huruma: wana nyumba kubwa za ghorofa, zenye madirisha ya mbao yaliyopakwa rangi kwa ustadi, na yeyote kati yetu angefurahi kuwa nayo moja.

Mwishoni mwa Oktoba huanza kufika korongo wenye shingo nyeusi, wakitoka nyanda za juu za Tibet wanakozaa. Hukaa Phobjikha wakati wote wa baridi, mia kadhaa wao, na kuondoka Februari au Machi. Mchana hutafuta chakula majanini na katika mashamba yaliyokwisha vunwa. Usiku husimama ndani ya maji ya kinamasi, maana adui hawezi kuwanyemelea humo bila kusikika. Wenyeji huwaita thrung thrung, nami nilipowasikia wakilia alfajiri nilidhani wanajitaja jina. (Ukimya nisemao, basi, si ukimya wa kutosikia kitu. Korongo wana makelele!) Husemwa kwamba wakija na wakiondoka huizunguka Gangtey mara tatu. Rafiki yangu alicheka aliposikia, lakini alitoka nje kila asubuhi kutazama.

Jambo lililomshangaza zaidi lilikuwa jingine. Siku ya kwanza alitembea bondeni akitafuta nguzo za umeme, asizione, ingawa kila nyumba ilikuwa na taa. Mwenyeji wetu akamwonyesha ardhi. Nyaya zimefukiwa chini. Korongo ni ndege mkubwa, hawezi kugeuka upesi angani, na katika ukungu wa alfajiri waya haonekani mpaka amekwisha mgonga. Kwa hiyo watu wa Phobjikha walitumia nguvu ya jua kwa muda, wakangoja mpaka umeme ukaletwa kwa njia isiyoua ndege.

Usiku ule tulibishana hadi moto ukazimika. "Ndugu yangu," akasema, "wajua gharama ya kufukia waya? Kwa fedha zile wangepeleka taa kwenye vijiji vingine. Ndege kwanza, watu baadaye. Hayo ni mawazo ya walioshiba." Hoja hiyo si ya kipuuzi, nami siidharau. Lakini mama wa nyumba ile alipika wali kwa umeme mbele ya macho yetu. Watu wana taa na korongo wapo. Walichokosa wenyeji ni haraka tu, na haraka si haki ya mtu.

Juu ya malipo pia tulibishana. Tangu Septemba 2023 mgeni hutozwa na serikali ya Bhutan dola 100 za Marekani kwa kila usiku, mbali na chakula na malazi. Mwaka mmoja kabla ya hapo zilikuwa 200. Naona serikali ina haki ya kutoza, maana bonde likijaa magari halitakuwa bonde lile. Hata hivyo sipendi kwamba mwanafunzi wa shule hii hataliona kamwe, naye tajiri asiyejua korongo na bata ataliona. Jambo hilo sijaona dawa yake. Wala wenyeji hawaishi peponi. Nguruwe mwitu huharibu viazi vyao, na wakulima hukesha vibandani kuwafukuza.

Sasa nije kwetu, kwa kuwa sisi Waganda ndio tuliomweka korongo katikati ya bendera mwaka 1962. Korongo wetu, yule mwenye taji, aliandikwa mwaka 2012 miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka. Yule wa shingo nyeusi, mwaka 2020, hali yake ilitangazwa kuwa nafuu kuliko zamani. Wa kwetu hupoteza vinamasi, na nyaya humuua vilevile. Wenzetu waliomaliza zamani wakumbuka jinsi korongo walivyokuwa wakicheza katika kinamasi kilicho chini ya uwanja wa mpira. Wanafunzi wa leo wamewaona wawili tu, na si kila muhula.

Bweni jipya lahitaji umeme, nami sitaki kijana yeyote asome kwa kibatari. Lakini mchoro uliobandikwa ukutani wapitisha nguzo katikati ya kinamasi kile, ati kwa kuwa ndiyo njia fupi. Halmashauri itakutana mwezi ujao, na wazee wetu waliosoma hapa wana viti viwili humo. Rafiki yangu, yule yule aliyebishana nami Phobjikha, alikuja Jumamosi na kamba yake akapima. Kuifukia nyaya hatuwezi, asema, fedha hatuna. Kuzunguka kilima twaweza: ni nguzo kumi na moja zaidi, naye yu tayari kuzisimamisha bila ujira.