Nahodha na Wafagiaji wa Barafu

Neno "nahodha" tulilipokea kutoka Kiajemi, na maana yake ya asili ni bwana wa chombo. Waingereza nao, katika mchezo wa barafuni uitwao kalingi, humwita kiongozi wa timu kwa neno lililotokana na mkuu wa merikebu. Ulinganifu huu wafaa kutafakariwa.

Katika kalingi, wachezaji wanne hutelezesha mawe manane kila awamu kuelekea duara la shabaha. Jiwe moja lina uzani wa takriban kilo 19. Nahodha husimama penye duara akiutazama mkondo wa jiwe. Wenzake wawili hulifagilia njia ili lifike mbali na lisipinde mno. Wafagiaji, kwa kuwa karibu nalo, ndio waujuao mwendo wake. Hakuna hata mmoja aonaye yote.

Itakumbukwa kwamba katika Olimpiki ya PyeongChang, mwaka 2018, Eve Muirhead wa Uskoti, nahodha wa Uingereza, alilikosea jiwe la mwisho, na Japani ikatwaa shaba kwa 5-3. Alirudi Beijing mwaka 2022 na wenzake wapya. Katika nusu fainali Uswidi iliongoza 4-0 baada ya awamu ya kwanza, lakini Muirhead akashinda 12-11 katika awamu ya ziada. Kisha akaishinda Japani 10-3 na kutwaa dhahabu.

Wengi waliusifu ujasiri wake. Mimi, kama mwanaisimu, nausifu pia usemi wa timu yake. Jiwe likishaachiliwa hapana nafasi ya hotuba. Amri huwa neno moja, nalo hueleweka tu na watu waliokwisha kuafikiana maana yake.

Wahenga walinena kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Aghalabu methali hii hutumiwa na wakubwa kuwanyamazisha wadogo. Kalingi yatuonyesha kuwa uamuzi waweza kuwa wa mmoja, na lawama zikawa zake, ilhali habari zatoka kwa wote.

Walimu wenzangu, mabweni yameteketea nchini mwetu ilhali kulikuwa na wanafunzi waliojua mapema kwamba mambo yameharibika. Hao ndio wafagiaji wetu. Je, tumeafikiana nao neno la kutuonya, na wakilitamka tutawasikiliza au tutawaadhibu?