Mahamri Ughaibuni

Nilipokuwa London, taabu yangu haikuwa baridi bali asubuhi bila mahamri na mbaazi za nazi. Nyama ya halali haikunisumbua. Pale Green Street, mashariki ya mji, mabucha ya Waislamu yamefuatana. Mashaka yalikuwa kwenye peremende, maana jelatini yaweza kuwa ya nguruwe. Nikawa nasoma kila karatasi kama hati ya shamba.

Siku moja, katika maduka ya Wahindi, nikakuta mbaazi kavu, iliki, hamira na tui la kopo. Alhamdulillahi! Nikarudi chumbani mbio. Unga ukagoma kuumuka, mahamri yakatoka magumu kama kokwa. Kumbe kilichokosekana hakiuzwi dukani. Kwetu Mombasa mvulana akisogea jikoni hufukuzwa: "Wewe mwanamume, wataka nini humu?"

Nawauliza wazazi wa Pwani: mwapeleka vijana Uingereza, Kanada na Ghuba, mwawapa pasi na dua; mbona hamwapi hata saa mbili za kukanda unga?

Mimi nilimpigia mama simu. Alicheka kwanza, kisha akaniuliza tui nililotia lilikuwa na moto kiasi gani. Lilikuwa likichemka.