Mgonjwa wa kiuno aulizwe kwanza analalaje

Mgonjwa wa kiuno anapofika idara ya fiziotherapia kwa mara ya kwanza huulizwa mengi: maumivu yalianza lini, yanashuka mguuni au yanabaki mgongoni, anafanya kazi gani, amepiga eksirei au bado. Huinamishwa, huinuliwa mguu akiwa amelala chali, kisha hupewa mazoezi ya kwenda kufanya nyumbani. Habari za usingizi, zikiguswa, huishia kwenye godoro na mto. Ni nadra kuulizwa usiku anashtuka mara ngapi, na akishtuka hukaa macho kwa muda gani. Hiyo ni kasoro ya tiba yenyewe, na anayeilipia ni mgonjwa, kwa nauli na kwa siku za kazi zinazopotea.

Wanaoilipia si wachache. Mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo wa kutibu maumivu sugu ya kiuno, yaani yanayozidi miezi mitatu, bila upasuaji. Mazoezi na elimu kwa mgonjwa vinapendekezwa. Mikanda ya kiuno na kuvutwa mgongo havipendekezwi. Kwa hiyo tegemeo kubwa ni mazoezi.

Tuchukue zoezi moja linalotolewa karibu kila mahali. Mgonjwa analala chali, anakunja magoti, anabana makalio na kunyanyua nyonga, anahesabu hadi tano, anashusha taratibu. Mara kumi, apumzike, mara kumi tena. Aliyelala vizuri humaliza akihisi misuli imechoka tu. Aliyekesha akigeuka huku na huku huhisi kiuno kinakatika, na kesho yake halifanyi tena. Akirudi kliniki, faili linaandikwa kwamba hafuati maelekezo.

Hadanganyi wala si mvivu. Huko Tromsø, Norwei, watafiti waliwataka watu wazima zaidi ya 10,000 watumbukize mkono kwenye maji baridi mno na kuvumilia kadiri wawezavyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: wenye tatizo la kukosa usingizi walishindwa kuvumilia kwa kiwango kikubwa kuliko wenzao. Maji yalikuwa yale yale.

Jaribio jingine linaugusa zaidi usiku wa mwenye kiuno kibovu. Mwaka 2007 Michael Smith na wenzake wa Johns Hopkins, Marekani, waliwagawa wanawake wenye afya njema katika makundi. Kundi moja lilipunguziwa saa za kulala, lakini likaachwa lilale mfululizo. Jingine liliamshwa-amshwa usiku kucha, ingawa jumla ya muda wa kulala ilikaribiana. Walioamshwa-amshwa ndio ambao miili yao ilipoteza uwezo wa kuyapoza maumivu, na wakaanza kuumwa hata bila kuguswa. Mama mwenye mtoto mchanga na mlinzi anayelala mchana chini ya bati la moto, huku mtaa mzima ukiwa macho, wanalala hivyo hivyo.

Wapo watakaosema kwamba maumivu ndiyo yanayofukuza usingizi, hivyo yatibiwe kwanza, mengine yatafuata. Ni kweli kwa sehemu. Lakini mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba usingizi mbovu hutabiri maumivu ya baadaye vizuri zaidi kuliko maumivu yanavyotabiri usingizi mbovu. Anayesubiri kiuno kipoe ndipo ashughulikie usiku anaanzia upande mgumu.

Vidonge vya usingizi vinavyonunuliwa dukani bila cheti cha daktari si jibu. Kinachopendekezwa kwanza kwa kukosa usingizi kwa muda mrefu ni kubadili mazoea: kuamka saa ile ile kila siku hata baada ya usiku mbaya, kutoka kitandani usingizi unapogoma, kutolipiza kwa kulala mchana kutwa. Kahawa chungu ya barazani baada ya magharibi nayo ihesabiwe; hata kwa mpenzi wake mkubwa, saa tano baadaye karibu nusu ya kafeini bado iko mwilini. Anayekoroma kwa nguvu na kusinzia kwenye daladala asipewe mazoezi pekee, apelekwe kwa daktari achunguzwe kama pumzi hukatika usingizini.

Mtaalamu naye abadili kipimo. Baada ya usiku mbovu, mara kumi ziwe tano, na mgonjwa aambiwe mapema kwamba kuumia zaidi siku hiyo si dalili kwamba mgongo umeharibika. Maelezo hayo ya dakika mbili yanaweza kumzuia asiache tiba kabisa.

Na ushauri wa kulala sakafuni au juu ya ubao, ambao wazee na hata baadhi ya matabibu bado wanautoa, ungefaa kupumzishwa. Huko Hispania, watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno walipewa magodoro mapya, wengine magumu, wengine ya ugumu wa wastani. Matokeo yalitoka mwaka 2003 kwenye jarida la Lancet: baada ya siku 90, waliolalia ya wastani walikuwa na maumivu machache zaidi kitandani na walipoamka. Kwa asiye na fedha ya godoro jipya, mto katikati ya magoti akilala ubavu, au chini ya magoti akilala chali, hupunguza mkazo kiunoni, na kanga iliyokunjwa vizuri hufanya kazi hiyo hiyo.