Limfosaiti Chini, Jamaa Kajifungia Geto

Mshikaji wangu kapewa majibu ya damu: limfosaiti ziko chini. Basi, kajifungia geto, hata demu wake hamfungulii. Kichwani mwake tayari ana ngoma!

Oyaa, tulia. Limfosaiti ni askari wa mwili, zimo kwenye chembe nyeupe za damu. Kwa mtu mzima, chini ya 1,000 kwa maikrolita ndo zimepungua. Mafua makali huzishusha, ukipona zinarudi. Kifua kikuu, utapiamlo, hata vidonge vya prednisolone, vilevile.

Ngoma nayo inazila, hasa zile za CD4. Zikifika chini ya 200, nimonia na homa ya uti wa mgongo zinakuvamia kirahisi. Ila virusi vina kipimo chake, na tangu 2015 WHO inashauri dawa zianze bila kungoja CD4 zishuke.

Kesho namgongea, twende wote. Na mimi napima, msinicheke.