Taa Katika Nchi ya Jua

Wako watu ambao, wakisikia kwamba taa yenye kuiga mwanga wa jua yatakiwa Dagahaley, hucheka. Husema ni sawa na kumpelekea mvuvi maji ya bahari. Kweli, kambi ile ya kaunti ya Garissa, iliyofunguliwa mwaka 1992 kwa Wasomali waliokimbia vita, iko karibu sana na ikweta, na jua lake halina haya. Lakini wachekao hawajapata kumlea mtoto mchanga aliyegeuka manjano.

Chembe nyekundu za damu ya mtoto mchanga huvunjika upesi, zikaacha rangi ya manjano iitwayo bilirubini. Ini lake, ambalo halijakomaa, huchelewa kuiondoa. Kwa watoto wengi hali hiyo hupita bila ya dhara. Kwa wachache rangi huzidi, huingia katika ubongo, na mtoto aliyezaliwa mzima huwa kiziwi, au viungo vyake havimtii, au hufa.

Bibi mwenye nia njema humweka mjukuu mlangoni asubuhi apate jua. Simlaumu, kwani elimu ya taa ilianzia hapo hapo. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford, Uingereza, muuguzi Jean Ward, aliyezoea kuwatoa juani watoto waliozaliwa kabla ya wakati, aliwaonyesha madaktari mtoto ambaye umanjano wake ulikuwa umepauka, ila pale palipofunikwa na shuka. Mwaka 1958 madaktari wa hospitali hiyo walitangaza matibabu ya taa.

Kwa nini taa, ikiwa jua lilifaa? Kwa sababu jua halipimiki. Mwanga utibuo hasa ni ule wa buluu, nao juani huja pamoja na joto na miali iunguzayo. Adhuhuri ya Dagahaley si ya kumlaza mtoto uchi. Na jioni jua hutua, ilhali bilirubini hailali. Taa huitoa buluu bila ya kuunguza, usiku na mchana. Mtoto hulala chini yake uchi, macho yamefunikwa, akatolewa kunyonya. Hata jua lenyewe halitupwi: paneli zilizolipokea mchana zaweza kuiwasha taa usiku wa manane.

Basi asiwepo wa kuwaambia wazazi wale kwamba wanalo jua, litawatosha. Ngozi nyeusi huficha umanjano. Mama na atazame weupe wa macho na ufizi. Akiuona, asiende mlangoni, aende hospitali, na huko aikute taa, tena inawaka.