Sam Spade Redioni: Je, Uaminifu kwa Riwaya Ndio Kipimo?

Katika mijadala yetu ya fasihi, mchezo wa redio uliotokana na riwaya hupimwa aghalabu kwa swali moja tu: je, umeifuata riwaya? Ukiacha tukio au ukimwongeza mhusika, huhesabiwa kuwa umekosea. Na riwaya yenyewe ikiwa ya upelelezi, basi hata swali hilo halifikiwi. Niliwahi kuelezwa katika semina kwamba kazi za aina hiyo ni "pendwa" na hazistahili tasnifu. Kwa maoni yangu kipimo hiki kinatupotosha, nami nitatumia mfano wa Marekani, ambako michezo ya namna hii ilishamiri sana katika miaka ya 1940.

Mwaka 1930 Dashiell Hammett, aliyewahi kufanya kazi ya upelelezi katika kampuni ya Pinkerton, alichapisha kitabu cha The Maltese Falcon, kisa cha watu wanaouana kwa ajili ya sanamu ya kozi. Nguvu ya riwaya hii imo katika usimulizi wake. Msimulizi ni wa nafsi ya tatu, naye haingii kamwe akilini mwa mpelelezi Sam Spade. Tunaona vidole vyake vikisokota sigara, tunaona macho na taya, anachowaza hatuambiwi. Ndiyo maana hadi kurasa za mwisho msomaji hana hakika kama Spade atamkinga mwanamke anayedai kumpenda, au atamkabidhi kwa polisi kwa kumuua mshirika wake wa kazi.

Redio, hata hivyo, haina vidole wala macho. Mtu asiyesema wala kutajwa redioni hayupo. Watunzi wa The Adventures of Sam Spade, mfululizo ulioanza kutangazwa mwaka 1946 Howard Duff akiwa Spade, waliupindua usimulizi huo juu chini. Katika kila kipindi Spade humwandikisha karani wake Effie, aliyeigizwa na Lurene Tuttle, ripoti ya kesi: tarehe, anayepelekewa, namba ya leseni yake 137596, kisha kisa chenyewe. Mtu aliyekuwa bubu wa moyo kitabuni akawa msimulizi wa nafsi ya kwanza, mwingi wa maneno na mzaha.

Mshika kipimo cha uaminifu atasema riwaya imeharibiwa. Lakini mwanafunzi wa fasihi simulizi anapaswa kuitambua mbinu hii mara moja. Effie ni hadhira iliyotiwa ndani ya mchezo. Anauliza, anashtuka, anacheka, anamkatiza fanani wake. Sisi tuliolelewa kwa "paukwa" na "pakawa" twajua kwamba hadithi isiyoitikiwa hufia kinywani. Watunzi wale hawakuhitaji kuzijua ngano zetu; chombo chao kilikuwa sauti, na sauti ina masharti yake.

Hata kifo hakikuwazuia. Gutman, yule bwana mnene anayeisaka sanamu, huuawa mwishoni mwa riwaya. Mwaka huohuo wa 1946 redio ilimrudisha akisaka jino linalosemekana ni la Buddha!

Sisemi kila badiliko ni la kusifiwa. Mwishoni mwa riwaya, Effie anapojua kwamba Spade amemtoa yule mwanamke, anakiri kuwa bosi wake alikuwa na haki, lakini hataki amguse. Kwangu mimi hicho ndicho kilele cha kitabu kizima. Effie wa redioni hana jeraha hilo. Kila wiki anamstaajabia bosi wake, kisha linafuata tangazo la mafuta ya nywele ya mfadhili. Mfululizo hauwezi kuuacha uhasama ule, maana wiki ijayo wawili hawa lazima wapatane tena. Hapa pana hasara, na mhakiki aitaje kwa jina lake.

Tena, uaminifu kwa nani? Hammett hakuiandika michezo ile. Jina lake ndilo lililotangazwa. Alipoanza kushukiwa kwa siasa zake za mrengo wa kushoto, hata jina likaondolewa. Duff naye alitajwa mwaka 1950 katika Red Channels, orodha ya wasanii walioshukiwa ukomunisti, na nafasi yake ikachukuliwa na Steve Dunne. Mwaka 1951 mfululizo ulikoma, na mwaka huohuo Hammett alifungwa kwa kukataa kuwataja waliochangia mfuko wa dhamana. Mhusika aliendelea kusema hewani ilhali mtunzi wake hatajwi. Kipimo chetu hakina neno juu ya hilo.

Kwetu yupo Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyeingia vitabuni kwa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, kiko mkononi na Najum ubavuni. Siku wanachama wetu watakapomwandikia mchezo wa redio, sitawauliza wameacha sura zipi. Nitauliza moshi wa kile kiko utasikikaje, na Najum atapewa nafasi gani ya kuitikia.